Usiondoe Programu Kabla Hujatuma

Kijana wa kisa hiki nimemtunga, ndiyo maana hana jina. Simu yake sikuitunga, wala programu iliyomo, wala njia ya Kasongo kwenda Kabambare nchini Kongo, wala shida ya rezo, yaani mtandao. Yaliyompata yanaweza kumpata anketeri, yaani mkusanya takwimu, yeyote anayebeba simu ya mradi.

Kazi yake ilikuwa ankete ya afya katika zone ya Lusangi, upande wa Kabambare. Anapiga hodi, anakaribishwa kiti, anamuuliza mama ana watoto wangapi, nani amechanjwa surua, nani alilala chini ya chandarua usiku wa jana. Mwisho anabonyeza kitufe cha kuchukua pointi, yaani alama ya mahali, ili nyumba ionekane kwenye ramani. Majibu aliyaandika katika ODK Collect, programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008. Watu wa mpango wa afya wa AMPATH mjini Eldoret, Kenya, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitumia, walipopita nyumba kwa nyumba kupima virusi vya Ukimwi. KoboCollect, ambayo wafanyakazi wengi wa mashirika wanaijua zaidi, imejengwa juu ya hiyohiyo. Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji mtandao wakati wa kuandika: unajaza fomu, unaikamilisha, inakaa ndani ya simu, na siku ukifika penye rezo unazituma zote kwa mara moja. Kwa mtu anayevuka mto Luama na kupotea vijijini, hakuna chombo kinachofaa kuliko hicho.

Simu zilikuwa zimelala ndani ya katoni tangu ankete iliyopita, miezi mingi. Usiku wa kuamkia safari, superviza alizipanga mezani katika ofisi ya Kasongo, akazichomeka kwenye chaja na kuziunganisha na Wi-Fi ya setilaiti ili zishushe fomu mpya. Fomu zikashuka. Pamoja nazo ikashuka Android mpya, na toleo jipya la ODK Collect, kwa kuwa hakuna aliyezikataza simu kujisasisha zenyewe. Asubuhi kila mmoja akachukua yake, akapewa pesa ya pikipiki, wakaondoka.

Nyumba ya kwanza, simu ikauliza swali ambalo zamani haikuuliza: programu hii iruhusiwe kujua uko wapi? Tangu Android 11, ya mwaka 2020, programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake na mfumo wenyewe. Mwishoni mwa 2021 Google ilianza kupeleka utaratibu huo hata kwa simu za zamani kidogo, kuanzia Android 6. Simu iliyolala katoni basi huamka imesahau yote yaliyoruhusiwa. Na majibu yameongezeka. Unaweza kuruhusu wakati wote programu inapotumika, unaweza kuruhusu mara hii tu, unaweza kukataa. Kijana akachagua mara hii tu. Ni chaguo la mtu mwenye akili, hasa mahali kama pale. Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na jeshi wamepigana zaidi ya mara moja, na si kila anayekusimamisha kwenye barieri atapenda kuona simu inayoandika ulipopita.

Akafanya kazi hivyo, nyumba baada ya nyumba, siku baada ya siku. Fomu zikajaa. Kisha katika kijiji kimoja wakaambiwa watu wenye silaha walionekana jana yake kando ya mto. Simu ilipouliza, akakataa. Nyumba iliyofuata akakataa tena. Hapo ndipo simu ilipoacha kuuliza kabisa, kwa sababu kuanzia Android 11 ukikataa mara mbili mfumo unahesabu kwamba umekata shauri. Kesho yake hofu ilipopita, alibonyeza kitufe cha pointi, kikanyamaza.

Jioni, nyumbani kwa muuguzi wa kituo walipolala, akamwendea mwenzake aliyemzidi umri na ankete nyingi.

"Yaya, simu yangu inakataa kuchukua pointi."

"Ondoa programu, uirudishe. Ninayo kwenye karte memori, nitakutumia kwa Bluetooth."

"Na fomu zangu?"

"Fomu zinabaki. Kule Kunda tulifanya hivyohivyo, hakuna hata moja iliyopotea."

Simu ikauliza kama kweli anataka kuiondoa. Akakubali. Akaipokea nyingine kwa Bluetooth, akaifungua. Ilikuwa nyeupe. Hakuna fomu zilizokamilika, hakuna fomu tupu za kuendelea nazo, hakuna hata anwani ya seva. Fomu tupu hushushwa kwa mtandao, na mtandao ulikuwa Kasongo. Akapekua mafaili ya simu, folda moja hadi nyingine. Yule yaya akaichukua, naye akapekua.

"Ulikuwa umetuma?"

"Rezo iko wapi, yaya?"

Sasa, yule mkubwa hakudanganya. Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa, kwa simu ya wakati wa Kunda. Zamani ODK Collect iliweka fomu zake katika folda iliyoitwa "odk", palepale mbele, kwenye hifadhi ya pamoja ya simu. Hifadhi ile ilikuwa kama uwanja wa nyumba ya kupanga: kila mpangaji anaanika vyake pale, na mpangaji akihama, alichokiacha kinabaki kikining'inia. Ungeweza kuiondoa programu, kuirudisha, na kukuta kila kitu kilipokuwa. Maanketeri wengi walijifunza dawa hiyo na ikawaponya mara nyingi.

Android 10, mwaka 2019, ilianza kuufunga uwanja. Android 11 ikaufunga kwa nguvu. Kila programu ikapewa chumba chake, ndani ya folda ya Android/data, na ODK Collect nayo ikahamisha fomu zake huko mwaka 2020. Tangu Novemba 2021 Google Play haikupokea tena matoleo mapya ya programu ambazo hazijakubali masharti ya Android 11, hivyo hata aliyetaka kubaki na utaratibu wa zamani hakupata nafasi. Chumba hicho hakiingiliki na programu nyingine. Ila kina sharti lake: programu ikiondolewa, mfumo unakibomoa pamoja na vyote vilivyomo.

Wapo watakaosikia hadithi hii na kulaani masasisho yote. Mimi simo. Fikiria kilichokuwa ndani ya ile folda ya "odk" wakati wa uwanja wazi: majina ya kina mama, umri wa watoto, nani mgonjwa, nani mjamzito, na pointi ya kila nyumba kwenye ramani. Programu yoyote iliyopewa ruhusa ya hifadhi, hata ya tochi, hata ya kupamba picha, ingeweza kuyasoma. Kwa Kabambare orodha ya namna hiyo si karatasi ya takwimu tu, ni njia ya kufika mlangoni kwa mtu. Chumba kilipaswa kufungwa. Ninachowalaumu Google ni kile kisanduku cha mwisho kinachouliza kama unataka kuondoa programu, bila kukuambia kwamba ndani yake kuna kazi ya wiki nzima.

Lawama kubwa naiweka mahali pengine. Kabla ya kuondoka, kijana alielezwa posho, alielezwa namna ya kumsalimia chifu wa kijiji, alielezwa kila swali la fomu. Hakuna aliyemwambia kwamba ruhusa iliyokataliwa hurudishwa kwa kuingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, kisha Mahali. Ni kazi ya dakika moja, bila rezo, bila mega, bila kuondoa chochote. Na kwa kuwa Android 12 ya mwaka 2021 imeongeza chaguo la mahali pa takriban, angeelezwa pia kwamba akichagua hilo simu itampa eneo la karibu kilomita 3 za mraba badala ya nyumba, na ramani nzima itakuwa ya uongo.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili: kulikwepa sasisho, au kutafuta programu ya zamani ambayo "haisumbui". Nenda kwenye kibanda chochote cha kuchaji simu sokoni. Mwaka 2023 WhatsApp ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 24 Oktoba haitahudumia simu zilizo chini ya Android 5.0. Mwenye simu ya okazioni ya miaka kumi anaona ujumbe huo, anamkimbilia fundi, na fundi anayo GB WhatsApp, WhatsApp isiyo rasmi, kwenye karte memori. "Mama, hii haina masharti." Kweli haina. Android za kabla ya Android 6, ya mwaka 2015, hazikujua kuuliza ruhusa moja moja. Ulikubali zote wakati wa kusakinisha au ukaikosa programu. Watunga virusi walilijua hilo wakaendelea kutengeneza programu zinazojifanya ni za zama zile, ili hata simu mpya izipe kila kitu bila kuuliza. Ndiyo sababu Android 14, ya mwaka 2023, inakataa kabisa kusakinisha programu zilizotengenezwa kwa mfumo wa kabla ya Android 6. Mtu anaona simu mpya "imeharibika, haikubali programu yangu", kumbe imefunga mlango ambao mwizi alikuwa anapitia.

Hofu ya programu za namna hiyo ina ushahidi. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta kirusi cha Triada ndani ya FMWhatsApp, moja ya hizi WhatsApp za pembeni. Kwa vile mwenye simu alikuwa ameshairuhusu isome ujumbe mfupi, kirusi kiliweza kumuandikisha katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka uliofuata wakakuta YoWhatsApp inaiba funguo za akaunti za watu. Mwenye kibanda hakutunga virusi hivyo na huenda hajui kama vipo. Anachojua ni kwamba mteja ameondoka akitabasamu.

Turudi kwenye fomu za yule kijana. Kasongo ina sababu ya kuona aibu zaidi kuliko miji mingine juu ya takwimu zilizopotea. Kuanzia miaka ya 1970, mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, ulijenga vituo vya afya hapa na kuwafuatilia watoto mmoja mmoja, kwa kadi na kalamu. Kutokana na kadi zile, mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Wataalamu wa chanjo duniani wameujadili kwa miaka mingi baadaye. Kazi ya kadi zile za karatasi haikupotea.

Karatasi, nayo, haikumficha mtu. Kadi ikianguka njiani, aliyeiokota alisoma jina. Leo simu ya mradi inaweza kufanya yote mawili, kuhifadhi na kuficha, endapo wanaoigawa wanajua inavyofanya kazi. Na sheria sasa ipo: Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa taarifa za watu. Aliyempa mama wa Lusangi ahadi kwamba majibu yake yatatunzwa ana deni la kuyatunza, na kuyatunza ni pamoja na kutoyapoteza.

Yule kijana alirudi Kasongo kuweka upya anwani ya seva na kushusha fomu tupu, kisha akatumwa tena kwenye nyumba zilezile. Katika nyumba ya kwanza mama alimuuliza, "Papa, si mulishatuandika?" Akamjibu kwamba simu ilikosea.

Superviza unayesoma haya, zima kujisasisha kwa Android na kwa Play Store kabla simu hazijaona Wi-Fi, na sasisho ulifanye baada ya ankete, si usiku wa kuamkia safari. Simu zikitoka katoni, fungua fomu moja ya majaribio hadi mwisho, pointi ikiwemo, wewe mwenyewe, kwenye kila simu. Waoneshe watu wako njia ya Mipangilio, Programu, Ruhusa, kwa Kifaransa kama simu ilivyoandikwa, hadi kila mmoja aifuate bila kusaidiwa. Na kwenye mgongo wa kila simu bandika plasta, andika kwa bik: kama kuna fomu haijatumwa, usiondoe programu, usifute data zake.