Nipe Mji

Mwaka 1967, katika maonyesho ya dunia ya Montreal, banda la Czechoslovakia lilionyesha filamu iliyowaachia watazamaji waamue kisa kiendeleeje. Aliyeibuni, Radúz Činčera, aliiita Kinoautomat. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha kijani. Bwana Novák anafikwa na jambo la kumtatiza, filamu inasimama, kisha mwigizaji yule yule anayemwigiza Novák, Miroslav Horníček, anajitokeza jukwaani na kuwauliza watu afanye nini. Watu wanabonyeza, kura zinahesabiwa, filamu inaendelea. Wasichokijua ni kwamba njia zote mbili zilikutana tena mbele ya safari. Kura ishinde upande wowote, baada ya muda hadithi ilirudi pale pale, na mwisho wake ulikuwa jumba la ghorofa linalowaka moto, lile lile lililoonyeshwa likiwaka tangu mwanzo. Projekta mbili zilikwenda sambamba, na kazi ilikuwa kuziba lenzi ya moja na kufungua ya nyingine.

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa Tanga. Kila mwaka, nikifika kwenye nguzo ya sita ya imani, yaani kuamini kadari, yupo mwanafunzi atakayenyanyua mkono: "Mwalimu, kama yote yameshaandikwa, mimi naulizwa nini Siku ya Kiyama?" Swali hilo ndilo linalonirudisha kwa wale watu wa Montreal. Hakuna aliyewalazimisha. Walibonyeza walivyopenda. Hata hivyo naona walinyimwa kitu, na hata kama Činčera angewatengenezea miisho kumi tofauti, kitu hicho wangeendelea kunyimwa.

Wapenzi wa michezo ya kompyuta wana mjadala wao usiokwisha, nao unaligusa jambo hili hili: zile gemu za visa za zamani, zenye mfululizo wa matoleo na wahusika tuliowazoea, zigeuzwe filamu shirikishi? Nazungumzia gemu ambazo unamwongoza mtu mmoja kutoka mahali hadi mahali, anaokota vitu, anaongea na watu, anafumbua mafumbo. Zilianza kwa maandishi matupu. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Will Crowther, mtengeneza programu aliyependa kuingia mapangoni, aliandika moja kuhusu pango la Kentucky alilolijua kwa miguu yake. Mwaka 1984 Roberta Williams wa kampuni ya Sierra akatoa King's Quest, ambamo mfalme wa kesho anatembea kwenye picha za rangi huku mchezaji akichapa maneno ya kumwelekeza. Baadaye ikaja diski yenye nafasi kubwa, na pamoja nayo hamu ya kuweka waigizaji wa kweli.

Jibu langu ni hapana, na sababu yake naitoa ndani ya gemu iliyogeuzwa hivyo hivyo, tena ninayoipenda kuliko zote. Jane Jensen alitunga Gabriel Knight ya kwanza mwaka 1993, ikiwa ya michoro. Ya pili, The Beast Within, ilitoka mwaka 1995 ikiwa na waigizaji waliorekodiwa mbele ya pazia la buluu kisha wakapachikwa juu ya picha za Ujerumani. Ilijaa diski sita. Mwaka huo huo, katika kampuni hiyo hiyo ya Sierra, Roberta Williams alitoa Phantasmagoria, nayo ikajaa saba. Ya Jensen ililetwa nyumbani kwetu na kaka yangu, aliyekuwa amesoma uhandisi Munich. Alikuwa akinionyesha kwenye skrini mitaa aliyopita mwenyewe akienda darasani, na kwa muda nilidhani hilo ndilo alilotaka nilione.

Kumbe alikuwa akinisubiri kwenye fumbo la kaseti. Gabriel anachunguza mauaji yanayosemekana kufanywa na mbwa mwitu, naye anataka mtunza wanyama wa bustani ya Munich amwonyeshe mbwa mwitu wao. Mtunzaji hamtaki. Hapo ndipo mchezaji anapotakiwa agundue mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba Gabriel ana kinasa sauti mfukoni. Kwamba akizungumza na mkubwa wa mtunzaji yule huku mkanda ukizunguka, atakuwa amepata maneno yake. Na kwamba maneno yale yanaweza kukatwa moja moja na kuungwa upya mpaka mkubwa atoe amri ambayo hakuitoa. Unakaa mbele ya maneno ya mtu asiye na habari, unachagua hili, unaliacha lile, unaliweka jina mbele ya kitenzi. Kisha unaichezesha sauti hiyo mbele ya mtunzaji, naye anatii.

Nilikwama hapo. Kaka alijua jibu na alikuwa ameketi nyuma yangu, mikono magotini. Nilipomwomba aniambie alijibu kama tulivyojibiwa na bibi utotoni, baada ya kitendawili kutegwa na wote tukashindwa: "Nipe mji, mdogo wangu." Nikampa Pangani, akakataa. Nikampa Korogwe, akakataa. Akataka Unguja nzima, nami sikuwa tayari kuitoa Unguja kwa ajili ya mbwa mwitu wa Wajerumani. Tukazima kompyuta. Jibu lilinijia nikiwa nafua, na nilipolipata lilikuwa langu, kama lilivyo langu jina nililopewa.

Mtu aliyelelewa na vitendawili anajua kwamba mji si adhabu ndogo. Unakiri mbele ya wenzako kwamba hukuweza, unatoa kitu cha thamani, hata kama ni cha kutamka tu, ndipo unafunguliwa. Mtegaji naye anafungwa na sharti lake: jibu likitajwa, wote wakubali kwamba dalili zilikuwamo ndani ya maneno tangu mwanzo. Kati ya "tega" na jibu kuna kimya, na kimya hicho ni cha msikilizaji. Hadithi ina utaratibu mwingine. Msimulizi akishaitikiwa "pakawa" anaishika safari mwenyewe mpaka mwisho, na sisi raha yetu ni kubebwa. Bibi alitupa vyote viwili usiku mmoja, lakini hakuvichanganya. Hakusimamisha hadithi katikati akatuuliza sungura aende kulia au kushoto.

Filamu shirikishi za siku hizi husimama hapo na kuuliza. The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, iliyotoka mwaka 2012, inakupa sekunde chache: watu wawili wako hatarini, Doug na Carley, unaweza kumwokoa mmoja. Nilimwokoa Carley, na moyo wangu ulidunda kweli. Baadaye katika kisa, yeyote uliyemwokoa anauawa na mwanamke yule yule, Lilly. Wengi walilalamika kwamba wamedanganywa, uchaguzi ulikuwa bure. Mimi lalamiko langu haliko hapo. Hata duniani tunaokoa watu watakaokufa. Lalamiko langu liko kwenye ile saa. Sikupewa nafasi ya kuelewa chochote kabla ya kuchagua. Nilionyeshwa nyuso mbili na mstari unaopungua, nikanyoosha kidole. Nilichokionyesha pale ni maelekeo yangu. Utashi wangu haukuwa umeamka bado.

Wanazuoni wetu walizozana sana juu ya jambo hili. Mu'tazila walishikilia kwamba mtu ndiye mwenye kuyaumba matendo yake, la sivyo haki ya Mungu kumwadhibu itatoka wapi. Abu al-Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alifundisha katika karne ya 10 kwamba Mungu ndiye muumba wa kila tendo, na mja hulichuma: tendo linakuwa lake kwa kulipata. Kulichuma huko yeye na wafuasi wake walikuita kasbu. Vijana wangu huona ni ujanja wa maneno, na mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi sikuridhika. Siku hizi, nikilifafanua darasani, naitumia kaseti ya Gabriel Knight. Jensen ndiye aliyeandika kila kitu. Aliandika fumbo, akaandika jibu, akaandika hata utiifu wa mtunzaji, na hakuna neno nililoliunganisha ambalo halikuwekwa pale na yeye. Lakini uongo ule niliusema mimi. Niliutia nia, nikautafutia maneno, nikausikiliza kabla ya kuutumia, nikautengeneza tena uliposikika vibaya. Ningeulizwa nisingeweza kusema sikujua. Ingekuwa skrini imeniwekea kitufe kilichoandikwa "Mdanganye", nikakibonyeza, mwigizaji akafanya yaliyobaki, ningekuwa nimeidhinisha uongo wa mtu mwingine. Na katika gemu inayohusu mnyama aliyejificha ndani ya mtu, tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe.

Mfano una mpaka wake, nami huwaambia wanafunzi hivyo. Jensen alikuwa mwanadamu na mimi pia, na Mwenyezi Mungu hafananishwi na mtunzi wa gemu. Nautumia kwa upande wa mja tu: kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa kimeandikwa na mwingine, na bado ukakichuma kwa jasho la akili yako.

Watetezi wa filamu shirikishi wana hoja moja nisiyoweza kuipita. Mafumbo mengi ya zamani yalikuwa dhuluma. Katika Gabriel Knight ya tatu, ya mwaka 1999, mchezaji anatakiwa ajifanye mtu mwingine ili akodi pikipiki, na kwa ajili hiyo atengeneze masharubu kwa manyoya ya paka. Mtu anayeigwa hana masharubu hata kidogo, kwa hiyo inabidi pia uyachore kwenye picha ya pasipoti yake! Bibi angetega kitendawili cha namna hiyo, tungeuchukua tena mji wetu tukaenda kulala. Watu walikimbilia gemu zisizo na mafumbo kwa sababu walichoshwa na mafumbo yasiyo na heshima, na siwalaumu. Dawa ilikuwa kutega vizuri zaidi.

Wala siuchukii uso wa mwigizaji. Katika Myst, ya mwaka 1993, ndugu wawili, Sirrus na Achenar, wamefungwa kila mmoja ndani ya kitabu, nao wanazungumza nawe kupitia vipande vifupi vya filamu. Waigizaji ni watengenezaji wenyewe, Robyn na Rand Miller. Kila mmoja anakuomba umfungue yeye, usimwamini mwenzake. Hakuna saa. Unaondoka, unapekua vyumba walivyoishi, unaona walivyoviacha, unarudi kuwatazama machoni tena, na pole pole unaanza kuwaogopa wote wawili. Hapo filamu imekuwa ushahidi, na wewe umekalia kiti cha kadhi. Vitabu vyetu vya fikihi vinamtaka kadhi asihukumu akiwa na hasira, wala njaa, wala usingizi, maana haraka huiharibu hukumu hata ikitokea kuwa sahihi. Gemu inayokuachia muda wa kusita inakutendea kama mtu mwenye dhamana.

King's Quest yenyewe ilirudishwa mwaka 2015 na kampuni nyingine, The Odd Gentlemen. Mfalme Graham ni mzee sasa, yuko kitandani, anamsimulia mjukuu wake Gwendolyn mambo ya ujana wake. Kuna maonyesho marefu ya kutazama tu, kuna sehemu za kubonyeza haraka, na kuna mafumbo ya kuzunguka nayo. Katika sura ya kwanza unaweza kupita kwa ushujaa, kwa huruma au kwa hekima, na njia uliyoifuata inakuwa funzo analolipata mtoto. Sehemu za kubonyeza haraka zilinichosha. Lakini babu na mjukuu wale waliniliza, kwa sababu Gwendolyn anasubiri neno linalofuata na Graham, kwa muda, anatusubiri sisi tulitafute.

Kwa hiyo anayetaka kuigeuza Gabriel Knight filamu shirikishi, swali langu la kwanza kwake ni juu ya mkanda ule. Mchezaji atayakata maneno mwenyewe, au ataonyeshwa Gabriel akiyakata? Akisema ataonyeshwa, namwomba atengeneze filamu kamili, bila kutusimamisha njiani kutuomba kura, nami nitalipa kiingilio na kukaa kimya hadi mwisho. Akisema mchezaji atayakata mwenyewe, kwa muda wote atakaouhitaji, hata ikibidi akafue nguo kwanza, basi alete waigizaji wowote anaowataka.