Mwambie Mpiga Kasia

Pale kivukoni Kindu, mtumbwi wa kwenda Alunguli unakungoja. Umeghairi safari. Basi mwambie mpiga kasia. Asipojua, atangoja, na nafasi ambayo mwingine angeikalia itabaki tupu.

Kazi uliyopewa ni vivyo hivyo. Huitaki? Sema. Usizime simu. Usijifiche sokoni. Waandikie waliokupa kazi barua fupi: asante kwa kuniamini, kazi hii sitaichukua, nawatakia heri. Sababu si lazima. Ukiitoa, isiwe ya uongo, maana mjini kwetu watu wanajuana. Wala usiwaseme vibaya, hata kama mshahara ulikuchekesha.

Kuna mtu anaingoja kazi hiyo, labda jirani yako. Barua yako iandike leo, kabla ya saa sita.