Kukutwa mahali si ushahidi wa kutosha

Msafiri anayetoka Karatu hupanda msitu wa Ngorongoro, akapita ukingoni mwa kreta, kisha akateremka kuelekea Serengeti. Njiani atakuta korongo la Olduvai, ambalo Wamasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge pori unaoota humo. Kuta zake, zenye kina cha karibu mita 90, ni tabaka juu ya tabaka: majivu ya volkano, udongo wa ziwa lililokauka na mchanga. Tabaka la tatu ni jekundu, huonekana kwa mbali.

Kanuni ya kuzisoma ni nyepesi. Magunia yakipangwa ghalani, la chini ndilo lililotangulia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwishaeleza kwamba baadhi ya milima inaonekana kujengwa tabaka baada ya tabaka, kila moja kwa zama zake. Mwaka 1669 Niels Stensen wa Denmark akaiweka kanuni hiyo wazi. Haisemi ni miaka mingapi. Inasema nani kamtangulia nani.

Lakini ghala huweza kuchokonolewa, na hapo ndipo pana funzo.

Mwaka 1913 mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, Hans Reck, aliyezipa tabaka za Olduvai namba kuanzia chini, alikuta mifupa ya mtu mzima ndani ya tabaka la pili. Alikuwa amelala kakunjwa. Reck akahukumu: maadamu kakutwa katika tabaka la kale sana, basi naye ni wa zama hizo. Wengi walitia shaka, akiwamo Louis Leakey. Mwaka 1931 wawili hao walikwenda pamoja korongoni, na Leakey naye akakubali. Wakatangaza.

Kumbe mtu yule alikuwa amezikwa. Watu wa zama za baadaye sana walichimba kaburi kutoka juu, likaingia katika udongo uliokuwapo kabla yao. Udongo ulioandamana na mifupa ulipochunguzwa, ulionekana kuwa na chembe za tabaka za juu, ambazo zisingeweza kuwamo kama mtu yule angekuwa wa zama za tabaka la pili. Mwaka 1933 Reck, Leakey na wenzao waliandika hadharani kwamba walikosea.

Tunajifunza nini? Kwanza, tabaka halikusema uongo. Lilitoa ushahidi wa mahali, nao wakaufanya ushahidi wa asili. Swali lililokosekana ni moja tu: amefikaje hapa?

Swali hilo ndilo linalokosekana mitaani mwetu. Kijana anakutwa karibu na mali iliyoibwa, mmoja anapiga yowe "Mwizi!", na kabla hajaulizwa jina, tairi na petroli vimeshaletwa. Labda alikuwa anapita. Labda alikwenda kumwita ndugu yake. Labda kweli kaiba. Lakini hata hilo hujulikana kwa kuuliza, na adhabu yake si kazi ya umati. Binti naye anaonekana akitoka nyumba fulani, na kufikia jioni mtaa mzima umeshamvunjia heshima. Tunajua walipokutwa, basi tunadhani tunajua walivyo.

Pili, kurudi nyuma si aibu. Wapo watakaosema mwanachuoni akikiri kosa anajishusha. Bali aliyeng'ang'ania kosa ndiye aliyejishusha, maana kila atakalosema kesho litatiliwa shaka. Leakey aliendelea na kazi, na mwaka 1959 mkewe Mary aligundua humo humo Olduvai fuvu la Zinjanthropus lililompa sifa duniani.

Mifupa ile ilisubiri miaka 20, ikarekebishiwa hukumu yake. Kijana aliyechomwa moto hana muda huo. Tukiona kosa letu kesho yake, tutamwendea nani kumwambia kwamba tulikosea?