Mtoto Huyu Ni wa Nani?

Katika nyumba nyingi kuna swali lisilosemwa kwa sauti. Mtoto huyu asiyeongea, asiyemtazama mtu usoni, anayeziba masikio kukiwa na kelele, ametoka upande wa nani? Mume anautazama ukoo wa mke. Mke anamkumbuka shangazi wa mume. Hapo ndipo ndoa huanza kupata ufa.

Acheni swali hilo. Usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua, tangu kabla ya kuzaliwa. Si laana, si chanjo, wala si malezi mabaya. Urithi una sehemu yake, lakini hakuna mzazi achaguaye anachorithisha. Hata wataalamu walikosea. Baada ya daktari Leo Kanner kuueleza usonji huko Marekani mwaka 1943, akina mama walilaumiwa miaka mingi kwamba hawana upendo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alipinga lawama hiyo kwa kitabu.

Swali la haki ni hili: nani atamlea?

Tuseme mmehamishiwa kazi Griftu, magharibi ya mji wa Wajir, mbali na bibi na shangazi za mtoto. Baba anashinda kazini. Mama anamfungia mtoto ndani ili majirani wasimwone. Mnadhani mnamlinda. Lakini watoto wengi wenye usonji hutoroka ghafla, na wakiitwa hawaitiki. Katika nchi ile ya jua kali na maji machache, saa mbili ni nyingi mno. Nani atamrudisha, ikiwa hakuna anayemjua?

Tazameni majirani wenu wafugaji. Ngamia akipotea, habari zake huulizwa kisimani na kwa kila mpita njia. Je, mtoto wenu awe na macho machache ya kumlinda kuliko ngamia?

Wapo watakaocheka, ni kweli. Hata hivyo, waambieni majirani mambo matatu: jina lake, kinachomtisha na kinachomtuliza. Haidhuru wao wanaswali msikitini nanyi mnasali kanisani. Mkono mmoja haulei mwana.

Wewe baba, uliahidi kuwa mwaminifu katika taabu na raha. Taabu ni pamoja na usiku ambao mtoto halali. Usimwambie mkeo "mtoto wako". Amka, mshike zamu. Nawe mama, mumeo akimvalisha mtoto shati kinyume, usimnyang'anye kazi. Atajifunza kama wewe ulivyojifunza.

Nanyi msio na mtoto wa namna hii, msidhani hayawahusu. Novemba 2014 Papa Fransisko aliwataka watu wote washiriki kuondoa upweke na aibu vinavyoziandama familia hizi. Mtoto akipiga kelele wakati wa Misa, msigeuke kumkodolea mama macho. Msogeleeni baadaye, mkajitolee kukaa na mtoto Jumamosi moja ili wazazi wapate kupumzika na kuzungumza kama mume na mke. Huenda mazungumzo hayo yakaiokoa ndoa yao.

Usiku wa leo, watoto wakisha kulala, ulizaneni: nje ya nyumba hii, nani anamjua mtoto wetu kwa jina? Kama hayupo, kesho bisheni hodi mlango wa jirani.