Hapa Nani Anafanya Mazoezi?



Rafiki msomaji, leo tutafakari swali moja lililonikuta nikiwa likizo nyumbani: je, kumpenda mtu ni kumfanyia kila kitu?

Bibi yangu alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, familia nzima tulijipanga: huyu anapika, yule anafua, mimi ndiye wa kumnyanyua. Asubuhi namtoa kitandani, namweka kitini, jioni namrudisha. Namshika chini ya makwapa, nainua, basi. Watu wa jumuiya wakanisifu, "Frateri ana moyo huyu!" Nami, tuseme ukweli, nilijisikia vizuri.

Siku moja akaja dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanitazama ninavyomnyanyua bibi, akauliza, "Frateri, hapa nani anafanya mazoezi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akachukua kiti imara, akakiegemeza ukutani. Akamwambia bibi asogee mbele ya kiti, avute miguu nyuma kidogo, nyayo zote mbili zikanyage chini, ainamie mbele, kisha asimame. Kandambili zikawekwa kando, vikaletwa viatu vinavyoshika mguu. Mimi nikaambiwa nisimame upande wa kushoto, ule dhaifu, mkono wangu ukiwa nyuma ya kiuno chake, tayari, lakini nisiinue. Tena nisimvute kwa mkono uliolegea, maana bega lingeweza kuumia.

Bibi akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi chini. Mara ya tatu akasimama, anatetemeka, jasho linamtoka. Tukahesabu hadi tano, akakaa. Mama alikuwa ameshatoka nje, hakuweza kuangalia. Mimi mikono ilikuwa inaniwasha. Nilitaka kumnyanyua tu yaishe. Bibi akavuta pumzi, akasema, "Siku zote hizi, mjukuu wangu, ulikuwa unanibeba kama gunia la mahindi."

Neno lile lilinichoma. Nilidhani nampa upendo, kumbe kuna kitu nilikuwa namnyang'anya.

Tuelewe kwanza mwili wenyewe. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Sehemu iliyokufa hairudi. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza baadhi ya kazi za ile iliyopotea, na zinajifunza kwa kurudia. Kusimama kunajifunzwa kwa kusimama. Kutembea kunajifunzwa kwa kutembea. Kutoyumba kunajifunzwa kwa kuhamisha uzito wa mwili toka mguu huu kwenda mguu ule, leo, kesho na keshokutwa, kwa kiasi ambacho mgonjwa anakiweza, na kupumzika akichoka.

Nilipoyasikia hayo nikamkumbuka Aristotle wa darasani. Yeye alifundisha kwamba fadhila hatuzaliwi nazo. Tunazipata kwa kutenda, tena na tena, mpaka ziwe tabia. Hakuna mtu anayeweza kuwa jasiri kwa niaba yako. Vivyo hivyo, mimi nisingeweza kusimama kwa niaba ya bibi. Kila nilipomwinua, ni misuli yangu iliyopata nguvu.

Utauliza, "Sasa akianguka je?" Swali la haki kabisa. Mtu aliyepata kiharusi huanguka kwa urahisi, na mzee akivunjika nyonga ni balaa jingine. Ndiyo maana hatuambiwi tumwache ajitegemee. Kati ya kumbeba mtu na kumtelekeza kuna njia ya tatu: kusimama naye karibu, upande wake ulio dhaifu. Njia hii ni ngumu kuliko zote mbili, kwa sababu inakudai uvumilie hofu yako mwenyewe. Mara nyingi tunapomwahi mtu kumfanyia jambo, tunatuliza wasiwasi wetu, si maumivu yake.

Soma Marko sura ya 2. Watu wanne wanambeba mwenye kupooza, wanafungua dari, wanamshusha mbele ya Yesu. Kubeba kule kulikuwa upendo mkubwa, maana wakati ule hakuwa na njia nyingine. Lakini Yesu anamwambia nini? Asimame, achukue kitanda chake mwenyewe, aende nyumbani. Wangeng'ang'ania kumbeba hata wakati wa kurudi, wangekuwa wanampinga Yesu. Kuna siku ya kubeba na kuna siku ya kuachia, na upendo wenye busara unazitofautisha. Mungu mwenyewe hutufanyia hivyo: neema yake haifuti juhudi zetu, inazisimamisha.

Ila tusikimbilie kwenye kosa la pili, lile la kumwambia mgonjwa, "Jitahidi tu, ukiwa na imani utatembea." Wapo wanaofanya mazoezi kwa bidii na bado hawatembei tena. Hawakukosa imani wala moyo. Heshima ya mtu haipimwi kwa hatua anazopiga. Anayo kwa kuwa ameumbwa kwa sura ya Mungu, awe amesimama au amelala.

Bibi sasa anafika mlangoni kwa fimbo, mmoja wetu akiwa pembeni yake. Kigangoni hafiki, Komunyo analetewa nyumbani. Padre akija humkuta ameshasimama, anamsubiri. Hakuna anayemsaidia kusimama. Sisi tunakaa karibu tu.

Swali la wiki hii: ni nani nyumbani kwako unayembeba wakati angeweza kusimama? Na ni nani umemwacha peke yake wakati anahitaji mtu pembeni?

Tuombe. Ee Yesu, uliyewainua waliolegea, utupe mikono iliyo tayari na moyo usio na haraka. Wasimamishe wagonjwa wetu wa kiharusi, na wale wasioweza kusimama wakuone ukiwa karibu nao. Amina.