Utakatifu wa Mto Watoka Wapi?

Mhindu mwenye imani afikapo Varanasi, mji wa kale ulio kando ya mto Ganga nchini India, huteremka ngazi za mawe alfajiri na kuoga mtoni. Huamini kuwa maji yale humtakasa, na kwamba afiaye mjini humo huepushwa na kuzaliwa na kufa tena na tena. Yafaa tujiulize: utakatifu huo umo ndani ya maji yenyewe, au mto hupewa na wanadamu?

Upo mfano ulio karibu nasi. Mahatma Gandhi aliuawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948. Majivu yake yaligawanywa, na mwaka uo huo sehemu yake ilitiwa katika mto Naili karibu na Jinja, Uganda, pale mto utokapo katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1997 waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua hapo sanamu ya Gandhi. Kabla ya majivu yale, Mhindu hakuwa na sababu ya kwenda Jinja kwa ibada. Maji ni yale yale. Watu ndio waliojifunga kwa ahadi juu ya mahali pale.

Huenda mtu akasema: ikiwa ni kazi ya watu, basi ni mazoea tu. La, hasha. Ndoa nayo hufungwa na watu, na deni pia, wala hatuambiani kwamba kwa hiyo ni mchezo. Mwanadamu huifunga ahadi, kisha ahadi humfunga yeye.

Tena ahadi hudai matunzo. Mwaka 1986 serikali ya India ililazimika kuanzisha mpango wa kuusafisha Ganga, kwa kuwa maji machafu ya miji yalimwagwa katika mto ule ule uitwao mama. Heshima ya midomo haikutosha kuulinda.

Jambo hili latuhusu sisi tufundishao hapa Rohero. Maji ya chemchemi ya Kasumo, huko Rutovu, kusini mwa Burundi, hupita Ruvyironza, Ruvubu na Kagera hata Ziwa Viktoria, kisha hutokea Jinja. Bali Ntahangwa na Muha, mito ya mjini mwetu, hushukia Tanganyika. Hakuna ahijiye Ntahangwa. Mvua zikizidi, mto hula kingo zake na kutishia nyumba. Zikipungua, wapo waugeuzao jaa. Je, mto usio na mahujaji hauna haki juu yetu? Twaona unayo, kwani majirani nao waweza kuuahidi mto jambo, na kulitimiza.

Basi mwanafunzi akituuliza kama Ntahangwa ni mto mtakatifu, tusimjibu upesi. Tumwulize kwanza yeye ameuahidi nini, nasi tuwe tayari kuulizwa vivyo hivyo.