Nuru ya Nje na Chakula cha Ndani
Somo: Marko 8:22-26



Twasoma katika Injili ya Marko habari za kipofu wa Bethsaida. Watu walimleta kwa Yesu, naye akamtoa nje ya kijiji, akamwekea mikono. Alipoulizwa kama aona kitu, alijibu ya kwamba awaona watu, lakini wafanana na miti itembeayo. Angalieni basi: Bwana hakumkemea kwa kuona nusu. Alimwekea mikono mara ya pili, hata akaona vyote sawasawa. Juu ya mara hiyo ya pili twataka kusema nanyi leo.

Kwanza tulitazame jicho lenyewe, maana Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 atufundisha kumshukuru Muumba kwa macho na masikio na viungo vyote. Nyuma ya jicho, upande wa ndani, pana utando mwembamba uitwao retina. Humo zimo chembe za uhai zipokeazo nuru, na hasa ni za namna mbili. Za kwanza ni nyembamba kama fimbo. Katika jicho moja la mwanadamu zapata kama milioni 120. Za pili zimechongoka kama pia wachezayo watoto. Hizo ni kama milioni 6. Za pia zafanya kazi penye nuru nyingi, nazo ndizo zitupazo kutambua rangi. Za fimbo hazipambanui rangi, lakini huona hata kwa nuru hafifu ya nyota. Kwa hiyo usiku usio na mwezi kanga nyekundu na kanga ya kijani huonekana kama zimetiwa majivu.

Muumba amewagawia wanyama chembe hizo kwa kadiri ya maisha yao. Bundi awindaye usiku ana za fimbo kwa wingi. Kuku ana za pia nyingi kuliko za fimbo. Kwa hiyo giza likianza tu kuingia hukimbilia banda lake, wala hakuna amwitaye mvivu.

Lakini chembe ya jicho haina nuru yake yenyewe. Kazi yake ni kupokea. Ndani ya kila fimbo mna rangi iitwayo rodopsini, nayo hufanyizwa kwa protini na kitu kidogo kitokacho katika vitamini A. Nuru ikiipiga, kitu kile kilichopinda hunyooka, na tangu hapo habari huanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Kisha rangi haina budi kutengenezwa upya. Ndiyo sababu mtu atokaye juani akaingia chumba cha giza haoni mara moja. Yampasa kungoja, pengine hata dakika 30, macho yazoee kabisa. Basi mwili ukikosa vitamini A, rangi ile haitoshi: mchana mtu aona, jua likizama apapasa. George Wald wa Marekani, aliyeikuta vitamini A katika retina mwaka 1933, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na wataalamu wengine wawili kwa kazi zao juu ya kuona.

Kwa hiyo kuona kwahitaji vitu viwili: nuru itokayo nje, na chakula kilicho ndani.

Hapa yatupasa kuungama. Katika ibada za jioni za Kwaresima alikuwako mtoto mmoja ambaye mara nyingi hakuja. Jioni moja alikuja na bibi yake, akakanyaga kikapu cha sadaka, mayai yakavunjika. Kandili lilikuwa likiwaka, na wengine wote waliiona njia. Tulimkemea mbele ya watu, tukasema hana adabu katika nyumba ya Mungu. Bibi yake akajibu kwa upole: “Baba Mchungaji, mtoto huyu jua likizama ni kama kuku.” Hatukuelewa, hata alipopelekwa kwa mganga wa zahanati, naye akasema mtoto amekosa vitamini A. Alipewa dawa na kuagiziwa chakula, na baada ya siku chache aliona jioni kama wenzake. Lakini maneno yetu hayakuwa na dawa zahanatini. Ilitupasa kwenda nyumbani kwao kuomba msamaha.

Wazazi, msilidharau jambo hili. Mtoto ajikwaaye jioni hakurogwa. Mpelekeni hospitali upesi, kwa maana ugonjwa huo ukiachwa waweza kukausha jicho na kulipofusha kabisa. Wapeni watoto mchicha, maembe, mapapai, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai na maini, pamoja na mafuta kidogo, wala msikose siku za matone kliniki.

Nanyi wainjilisti na wazee wa kanisa, fikirini. Wako Wakristo waonao vema mchana wa heri: shamba limezaa, watoto wazima, nao huimba. Ijapo jioni ya msiba hupapasa, na wengine huenda kwa mpiga ramli. Hatusemi ya kwamba dhambi isikemewe. Sheria ina kazi yake. Walakini nuru ya Kristo haikuzimika siku ile, wala haisaidii kuwapigia kelele kwamba taa inawaka. Tuulize kwanza: Je, mtu huyu alilishwa? Nani alimfundisha Neno baada ya kipaimara? Nani alimpelekea Meza ya Bwana alipougua? Nani alikaa naye matanga yalipokwisha na watu kutawanyika? Yamkini yule tumwitaye mkaidi ni mwenye njaa.

Bwana hakuona haya kurudia kazi yake kwa ajili ya mtu mmoja. Basi nasi tusiache kwenda mara ya pili.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, utusamehe tuliowapiga kwa maneno wale wasioona. Utupe mikono isiyochoka kuwalisha, hata sote tukuone wazi katika nuru yako. Amina.